Malimbuko ya Kaingu

Alhamisi, 2 Aprili 1964

Mvua ya mwaka imeingia alfajiri, na dari la sebule limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana. Kaka yangu Muhdhar ameweka sufuria chini ya tundu akasema atamwita fundi. Mwaka jana pia alisema atamwita fundi, na sufuria ni ile ile.

Baada ya chakula aliniita. Jumuiya ya Kustawisha Mashamba, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, inatimiza miaka hamsini, na mwisho wa Juni watafanya karamu. Wanataka historia ya Jumuiya iandikwe.

"Wewe ndiwe mwenye hati nzuri," akaniambia. "Marehemu mumeo alikufundisha. Andika, na Athmani atasoma."

Yaani mimi, mjane wa karani wa forodha, nikeshe kwa wino, kisha Athmani, katibu anayetoka jasho akiandika jina lake, asimame apigiwe makofi. Nimekubali. Ghorofa ninayolala ni yake na wali ninaokula ni wake, na hilo halisahau.

Jumatatu, 6 Aprili

Athmani amenipeleka Ndia Kuu kuona chumba cha Jumuiya. Harufu ya mkojo wa panya ilinipokea tangu ngazini. Kuvu imepanda ukutani mpaka kwenye picha za waasisi, na mmoja wao amebaki kilemba tu, uso wote umeliwa.

Katikati ya chumba kuna plau la chuma. Waasisi waliliagiza Bombay mwaka wa kwanza wa Jumuiya ili kuwafundisha watu wa bara ya Kisauni kulima kwa ng'ombe. Nikamuuliza Athmani lililima wapi. Akatema tambuu dirishani, mate mekundu yakamdondokea kidevuni, akayafuta kwa mkono uleule anaokulia.

"Halikulima popote, Bi Mahfudha. Ng'ombe hawakupatikana. Lakini andika kwamba tulilileta."

Siku hizi wazee hutundikia miavuli yao.

Ijumaa, 10 Aprili

Kaingu amekuja na malimbuko.

Huyu Kaingu ndiye mpangaji wetu katika shamba la Kisauni, kama babake alivyokuwa mpangaji wa baba yetu. Miaka sita iliyopita Muhdhar alimwita hapa, akamwambia apande minazi mipya katika kiunga cha chini, kwa sababu Jumuiya hutoa kombe la fedha kila mwaka kwa minazi bora, na kombe lilikuwa halijaingia nyumba hii tangu baba afe. Kaingu akapanda kwa mbegu zake na mikono yake. Sasa minazi imezaa mara ya kwanza.

Mila yetu katika jambo hili haina karatasi na kila mtu anaijua. Ardhi huwa ya mmoja na mti ukawa wa mwingine. Mti ukizaa mara ya kwanza, aliyeupanda hukata kole moja la madafu, akalileta mwenyewe, aghalabu siku ya Ijumaa, mpaka mlango wa mbele wa mwenye ardhi. Mke wa nyumba humpokea kwa ubani na shuka mpya, watu wa nyumba wakanywa, na tangu hapo mti ni wa aliyeupanda, yeye na wanawe. Wazee wakisuluhisha ugomvi wa minazi huuliza neno moja tu: malimbuko aliyanywa nani?

Kaingu alibisha. Muhdhar alikuwa anavaa kilemba. Alikwenda msalani akajifungia, akamtuma mtumishi aniambie nijibu mimi.

Nikafungua dirisha la juu. "Kaka hayuko, Kaingu."

Kaingu akatazama chini ya baraza. "Viatu vyake naviona, bibi."

Nikafunga dirisha. Akakaa kidogo, akajitwika kole lake kichwani, akarudi zake kwenye daraja la Nyali. Muhdhar alipotoka msalani alikuwa ananuka msala, na aliniuliza kama chai iko tayari.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Nimeandika ukurasa mmoja juu ya plau.

Ijumaa, 17 Aprili

Kaingu amekuja. Muhdhar msalani. Safari hii alikumbuka kuingiza viatu ndani.

Ijumaa, 24 Aprili

Bado ni siku za Idi na nyumba nzima inanuka mafuta ya nyama. Kaingu amekuja akiwa na kanzu safi. Nilimwambia kaka amekwenda kuzuru jamaa. Wakati nasema, Muhdhar alikohoa huko nyuma, kile kikohozi chake ambacho mtaa wetu mzima wa Kibokoni unakijua. Kaingu aliniamkia vizuri, akaniombea Idi njema, akaenda zake.

Nimemuuliza wifi yangu Bimdogo, mke wa Muhdhar, haya yataisha lini. Alikuwa anatunga asmini. "Mambo ya mashamba hayo, wifi," akasema. "Mimi nitajuaje?" Mwanamke huyu kichwani mwake hamna kitu ila udi, asmini na bei ya samaki. Miaka ishirini na mitano twakaa nyumba moja, na sijamsikia akisema neno la kukumbukwa.

Jumamosi, 2 Mei

Nimewasikiliza wazee wa Jumuiya barazani wakinisimulia historia yao, mimi nyuma ya pazia na kalamu yangu. Kila mmoja anataka babu yake atajwe. Walikula halwa na nzi wakala nao. Nilipouliza Jumuiya ilistawisha nini hasa, Athmani akasema: "Ilitoa amri."

Amri yenyewe ilikuwa hii: mpangaji asipande mti wa kudumu bila ruhusa, apande mahindi na mihogo tu, asije akadai. Walipiga mbiu Kisauni yote mpaka Likoni. Hili ndilo tendo kubwa la Jumuiya ya Kustawisha Mashamba katika miaka hamsini, kuwakataza watu kupanda. Walinieleza kwa fahari, huku wanalamba vidole.

Ijumaa, 8 Mei

Leo nina mengi.

Kaingu alikuja asubuhi, akarudishwa. Alasiri akaja Jamaldin, tajiri mwenye maghala Shimanzi, mtu mpole wa maneno na mnene wa shingo. Walikaa na Muhdhar sebuleni, na sebule haina dari la maana, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Muhdhar anauza shamba la Kisauni. Jamaldin anataka kujenga maghala mengine huko, na anataka ardhi na kila kilichosimama juu yake, asije akasumbuliwa na mtu.

"Na minazi?" Jamaldin akauliza. "Ya nani?"

"Yangu," akasema kaka yangu.

"Wazee watatoa ushahidi?"

"Wazee wa Jumuiya wote. Hao ni watu wangu."

Alipoondoka nilishuka. Sikungoja hata nivae viatu.

"Kaka, minazi si yako."

"Ardhi ya nani?"

"Ardhi yako. Minazi ulimwambia Kaingu apande. Nilikuwapo. Ulikaa kiti hicho hicho."

"Alikuwa kibarua wangu."

"Kibarua gani aletaye mbegu kutoka kwake?"

Akaweka kikombe chini. "Malimbuko yameingia nyumba hii?"

"Hayajaingia. Kila Ijumaa wajificha chooni yasiingie."

"Basi. Mpaka yaingie, mti ni wa mwenye ardhi. Mila ndiyo hiyo, na mimi sikuitunga." Kisha akageuza sauti, ile sauti yake ya kubembeleza ambayo naichukia zaidi ya ile ya ukali. "Mahfudha, watu wote wauza. Huoni mapinduzi ya visiwani mwaka huu? Leo bendera hii, kesho hujui ipi. Wataka tuje tunyang'anywe?"

"Na Kaingu aende wapi? Ana watoto na wajukuu pale. Baba yake kazikwa pale."

"Mungu ni mkubwa," akasema. Alitamka jina la Mungu kama mtu anayefunga mlango.

Nimepanda juu nikatapika. Si maneno ya kuandika tu, nimetapika kweli. Nimemjua Muhdhar tangu utotoni, tukinyolewa pamoja. Nilijua ni mvivu, nilijua anapenda sifa. Sikujua kwamba anaweza kuishika mila kwa vidole viwili namna hiyo, akatumia upande unaomfaa.

Jumatano, 13 Mei

Mvua siku ya tatu mfululizo. Bimdogo ametoka nayo hivyo hivyo, buibui limemganda mwilini, kwenda Ndia Kuu kununua shuka. Nikamuuliza shuka ya nani, kaka havai shuka ya namna ile. Akasema ameipenda rangi. Nyumba inavuja, mumewe anawadhulumu watu, yeye ameipenda rangi.

Ijumaa, 15 Mei

Kaingu amekuja. Amerudishwa.

Ijumaa, 22 Mei

Kaingu hakuja. Mvua imekata njia upande wa bara. Muhdhar ameshinda na furaha, amekula mara mbili.

Ijumaa, 29 Mei

Amekuja, amelowa mpaka mifupani, na miguu ina matope hadi magotini. Ni kole jingine, yale ya kwanza yalikwisha kukomaa njiani kwa kwenda na kurudi. Safari hii hakubisha. Alisimama tu mbele ya mlango akatazama juu, kwangu.

"Bibi, mwambie bwana mimi siombi kitu. Naleta."

Nikamjibu ya kila siku. Maneno yalinitoka yenyewe, siku hizi hata sihitaji kutumwa. Baadaye niliandika kurasa mbili za historia kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Nimeandika amri ile yote, na nani alipanda Kisauni, na nani alichukua makombe. Athmani atasoma mbele ya watu wote, na atakapofahamu anachosoma atakuwa amekwisha kukisoma.

Jumatatu, 8 Juni

Muhdhar amesoma historia yangu. Si mjinga hata kidogo. Amefuta kwa mistari kuanzia ile amri mpaka mwisho, akanirudishia huku akitabasamu. "Hati nzuri," akasema. "Plau limetoka vizuri sana."

Ijumaa, 12 Juni

Kaingu. Hayuko. Mvua.

Ijumaa, 19 Juni

Bwana Musyoka, bwana shamba mpya, mtu wa Machakos, alikwenda Kisauni kukagua minazi. Kombe la mwaka huu amelitoa kwa shamba la Muhdhar, kwa kiunga cha chini. Kwa minazi ya Kaingu! Muhdhar amepokea mikono ya pongezi sebuleni kutwa nzima. Kaingu alipofika, alipokewa na mlango uliofungwa.

Alhamisi, 25 Juni

Chumba cha Jumuiya kimejaa maji, kwa hiyo karamu itafanywa hapa kwetu, Jumapili. Baada ya karamu wazee watatia mikono yao kwenye hati ya Jamaldin kwamba minazi ni ya Muhdhar. Bimdogo anasaga viungo na kuimba.

Ijumaa, 26 Juni

Kaingu hakuja. Pengine amechoka. Nilimlaumu kwa kuchoka, kisha nikajiona nilivyo.

Jumapili, 28 Juni

Nitaandika kwa taratibu, nisiache kitu.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Wazee wote wa Jumuiya, Jamaldin, na Bwana Musyoka katika suti iliyolowa mabegani. Walipangwa sebuleni na kwenye daka la kuingilia, mlango wa mbele umefunguliwa wazi kwa ajili ya joto. Mimi nilikuwa juu, mara kwenye dirisha langu, mara kwenye tundu la dari linalotazama sebuleni. Walikula biriani kwa kelele, nikasikia mifupa ikifyonzwa. Kisha Athmani akasimama na karatasi zangu akasoma historia. Waasisi, plau, halwa ya waasisi, plau tena. Wakapiga makofi. Bwana Musyoka akamkabidhi Muhdhar kombe, na Muhdhar akalishika kifuani kama mtoto mchanga.

Ndipo nikamwona Kaingu anakuja uchochoroni na kole kichwani.

Muhdhar alimwona pia. Nilimwona akitazama upande wa msalani. Lakini alikuwa mwenyeji, kombe mkononi, na watu kumzunguka pande zote. Hakuwa na pa kupita.

"Hodi," akasema Kaingu. "Malimbuko yangu haya."

Nikasikia mlango wa ndani unalia, na Bimdogo akatoka. Amejifunika buibui mpaka machoni, mkono mmoja ameshika chetezo, moshi wa ubani unapanda, na mkono wa pili shuka, ile shuka ya rangi, imekunjwa na kutiwa maua ya viluwa. Alipita katikati ya wanaume wale wote kama anayepita jikoni kwake. Katika miaka ishirini na mitano hajapata kusimama mbele ya wageni wa mumewe, lakini kwa malimbuko mke wa nyumba ana haki yake, na hapana mzee aliyethubutu kumzuia. Alimfukizia Kaingu, akamtia shuka begani.

"Tumepokea, Kaingu," akasema, na sauti ilifika mpaka kwangu. "Ardhi yetu, mti wako."

"Bimdogo!" akasema Muhdhar.

"Labeka, bwana," akamjibu. "Wageni wana kiu."

Kaingu alikwisha kutoa panga akafyeka dafu la kwanza. Na nani aliyenyoosha mkono? Athmani, bila shaka, aliyekuwa amemaliza sahani tatu na biriani imemkaba. Akanywa mpaka chini, maji yakamtiririka kwenye ndevu. Jamaldin akapewa, akanywa kwa adabu. Wazee wakanywa mmoja mmoja, maana kukataa malimbuko mbele ya moshi wa ubani ni kujitafutia mkosi, na hawa kwa kuogopa mikosi hawajambo. Bwana Musyoka alikunywa akasifu utamu wake, kisha akauliza, kwa uso wa mtu mgeni asiyejua kitu: "Ndiye aliyeipanda minazi hii?"

"Ndiye, ndiye," akasema Athmani, mdomo umejaa nyama ya dafu. "Malimbuko yake hasa."

Alipotambua alichosema alisita kutafuna. Wazee wengine wakatazama madafu mikononi mwao. Yalikuwa matupu.

La mwisho alipewa Muhdhar. Aliweka kombe chini ili apate mkono wa kushikia. Akanywa.

Jumatano, 1 Julai

Jamaldin amekuja asubuhi, hata hakukaa. "Bwana Muhdhar, nimekunywa malimbuko ya mtu kwa mkono wangu. Leo ninunue kwako mti wake?" Alisema maghala atajenga kwingine. Muhdhar akatafuta wazee wa kumsaidia, na kila aliyemwendea alikuwa na homa. Wala si kwamba wameona haki. Wanaogopa matumbo yao. Kwa miaka hamsini hawakumwogopa Kaingu, leo wanaliogopa dafu lake. Afadhali iwe hivyo kuliko kinyume chake, lakini siwezi kusema kwamba nawaheshimu.

Jumatatu, 6 Julai

Athmani ameniomba niongeze ukurasa katika historia: kwamba katika mwaka wake wa hamsini Jumuiya ilidumisha mila tukufu ya malimbuko kwa faida ya wakulima. Alisema bila kupepesa macho. Nimemwambia akaandike mwenyewe.

Jumatano, 8 Julai

Muhdhar hasemi na mtu. Anakula peke yake, sufuria ya mvua mbele yake, ingawa mvua imekwisha.

Nimemfuata Bimdogo jikoni. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nikamwambia, Kaingu huja Ijumaa, nani alimwambia aje Jumapili?

"Sijui, wifi. Mambo ya mashamba hayo."

"Na shuka?"

"Shuka ilikuwa nzuri."

Nikakaa chini karibu yake. Nilitaka kumwomba radhi, ila sikujua nianzie wapi, kwa kuwa yeye hakupata kujua niliyoyaandika juu yake humu. Nikamwambia tu: "Kama ungefanya mapema, Kaingu asingelowa vile."

Akaacha kukuna. Akanitazama, si kwa ubaya.

"Nilikungojea wewe, wifi. Kila Ijumaa nilisema, huyu mtu aliyesoma, roho yake imechafuka, leo atashuka amfungulie. Shuka nilikuwekea wewe tayari. Ukafungua dirisha."

Kisha akaendelea na nazi yake.

Ijumaa, 10 Julai

Jua. Kuta zinanuka kuvu inayokauka.

Sijalala vizuri tangu juzi. Nimesoma daftari hili tangu Aprili. Kila mtu humu nimemtapikia, na kila Ijumaa mtu aliyekuwa dirishani alikuwa mimi.

Saa nne Kaingu alibisha. Hakuwa na malimbuko, hayo yamepita. Alileta kole la kawaida, heshima ya mpangaji kwa mwenye ardhi, na ile shuka ameivaa. Nikasikia Muhdhar anainuka sebuleni, kisha mlango wa msala unafungwa.

Nikashuka ngazi zote. Mlango ule ni mzito, nilikuwa sijui, sijapata kuufungua kwa mkono wangu. Kaingu aliponiona mimi, tena chini, alirudi nyuma hatua moja.

"Sabalkheri, bibi. Bwana yuko?"

"Yuko," nikamwambia. "Viatu vyake hivyo. Pita ndani umngoje."